Mimi, Godi na Miwa ya Juu ya Paa

Ananipiga teke ninapoandika sentensi hii. Nimeifuta na kuiandika upya mara kadhaa nikiitafutia mwanzo mzuri zaidi, maana ndivyo nilivyo, lakini kila nikifuta anapiga tena, kwa hiyo naiacha ilivyo. Ananipiga teke! Upande wa kulia, chini, karibu kabisa na kovu langu, mahali palepale nilipokuwa nimepashika kwa mikono miwili mwaka jana, nimejikunja kwenye sakafu ya jikoni, nikidhani ninakufa.

Naitwa Jesca. Natengeneza keki. Sijasomea mapishi chuo chochote. Nimejifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kuunguza. Naishi Mchafukoge, Dar es Salaam, kwenye ghorofa la zamani, pamoja na mume wangu Godlisten, ambaye mimi namwita Godi. Ana duka la jumla la ndoo na mabeseni Kariakoo, na wateja wanamwita Mangi, kama wanavyomwita kila Mchaga mwenye duka. Haya ninayoandika ni kwa ajili yako uliyekaa sasa hivi kwenye benchi la kliniki ya uzazi, una harufu ya sigara kwenye vidole na pipi ya mnanaa mdomoni, unadhani ni wewe peke yako. Si wewe peke yako. Sogea kidogo, tukae wote.

Nilikuwa navuta sigara. Mwanamke, mke wa mtu, msichana wa Magomeni aliyekua akiimba kwaya. Nilianza wakati najifunza keki. Keki ikishaingia kwenye oveni huna tena kazi ya kufanya ila kuogopa: itapasuka, itazama katikati, bibi harusi atalia mbele ya wageni. Sigara ilinipa kitu cha kushika wakati naogopa. Halafu ikanipa na mume. Ghorofa letu lina paa la wazi lenye matangi ya maji na kamba za kuanikia nguo. Wakati huo mimi nilikuwa mpangaji wa chumba kimoja tu pale. Siku moja nimepanda kujificha nyuma ya tangi, nikamkuta kijana wa ghorofa ya pili ameshajificha. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana kwenye nyumba moja.

"Una kiberiti?" nikamuuliza.

"Ninacho. Ila usinisemee kwa Mama."

Mama yake alikuwa Machame, mbali huko Kilimanjaro, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mapenzi yetu yote yalizaliwa nyuma ya tangi lile. Hata tulipooana na kuwa na sebule yenye makochi, mazungumzo ya maana tuliyafanyia juu, kila mtu na sigara yake. Nakueleza hili ili uelewe kwamba tulipoambiwa tuache, hatukuambiwa tuache sigara peke yake.

Masika ya mwaka jana nilikuwa nimepitisha siku zangu na sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka nipime asubuhi, nipange maneno, nimwandikie Godi kwenye keki ndogo. Keki niliipaka krimu, nikaikwangua, nikaipaka tena kwa sababu ukingo haukunyooka. Wakati naikwangua ndipo kisu kikapita tumboni. Hakikuwa kisu cha kweli, lakini sina neno jingine. Maumivu yalipanda mpaka begani, jambo ambalo lilinishangaza hata katikati ya kilio, bega linahusikaje. Halafu jiko zima likawa jeupe.

Godi alinikuta chini. Alinibeba kwenye ngazi zote, akanipakia kwenye bajaji, mvua inanyesha, dereva anapiga honi kama ana kesi. Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi, ndani ya mrija, na mrija ulikuwa umepasuka. Nilizinduka nina mshono na mrija mmoja. Siku ile ile nilipata habari kwamba nilikuwa mama na kwamba si mama tena, na mtu aliyenipa habari zote mbili alikuwa nesi aliyekuwa anatafuta mshipa wa dripu.

Mama mkwe alipanda basi mara tu aliposikia. Ni mwanamke mfupi, mkimya, mwenye mikono ya shamba. Alikuja na ndizi kutoka kwake, akajifungia jikoni kwangu, akanipikia mtori. Kama hujui, mtori ni ule uji mzito wa ndizi na nyama, na kwa Wachaga ndicho chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua anakaa ndani miezi kadhaa, halimi, hafui, analishwa mtori. Mama mkwe aliuweka kwenye chupa ya chai akaniletea kitandani. Mimi nilichokiona ni chakula cha mwanamke mwenye mtoto, kimeletwa kwa mwanamke asiye na mtoto. Alipokwenda dukani kwa Godi nilijikokota, nikaumwaga wote kwenye sinki, nikaisuuza chupa.

Siku ya kutolewa nyuzi alinisindikiza. Daktari, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliuliza maswali yake ya kawaida bila kuinua uso. Presha? Kisukari? Halafu, "Unavuta sigara?"

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni yangu, amepakata mkoba wangu.

"Hapana," nikasema.

Jibu hilo lilinikosesha raha wiki nzima. Mimi ni mtu ambaye keki ikiwa na doa upande wa nyuma, unaogeuzwa ukutani, siwezi kulala. Nikarudi peke yangu, nikasubiri foleni upya. Kile chumba cha kusubiria nakikumbuka kuliko chumba cha upasuaji. Luninga iliyozimwa sauti, feni moja inayogeukia kila upande isipokuwa wako, wanawake wote wamebeba bahasha za kaki na hakuna anayemwangalia mwenzake usoni. Mara chache akaja mwanamume amefuatana na mkewe, basi sote tulimtazama kama tumeona twiga kaingia.

"Dokta, nilikudanganya," nilisema kabla sijakaa. "Navuta. Kwa siku, paketi inakaribia kuisha."

Nilisubiri anigombeze. Alivua miwani tu. "Asante kwa kurudi," akasema. "Mumeo naye?"

"Kunizidi mimi."

"Mlete."

"Yeye wa nini tena? Si mimi niliyepasuliwa?"

"Jesca, mtoto anatengenezwa na watu wangapi?"

Hakusema kwamba sigara ndiyo iliyofanya mimba ikwame. Alisema hakuna anayeweza kuapa hivyo. Alisema inachangia: moshi unaidhoofisha ile mirija inayolisukuma yai, unayazeesha mayai kabla ya wakati, na kwa mwanamume unazipunguza mbegu na kuzichosha. Mengine nilijisomea mwenyewe kwenye simu, mpaka nikawa siwezi kula. Sitakuandikia yale niliyosoma. Muulize daktari wako, usimuulize simu.

Godi alikataa. "Mimi ni mzima. Mimba si uliipata?"

"Niliipata ikaenda wapi?"

Kipupwe kilipoingia alikubali, kwa masharti: hataweza kutoa mbegu pale kliniki, na watu wanapita koridoni na ndala zao. Kliniki wakatupatia kikopo chenye mfuniko mwekundu, tukaambiwa tukiwahishe. Dada wa dirishani aliniuliza kama nina swali. Nikasema sina. Mtu kama mimi, anayejifundisha kila kitu, ana ugonjwa mmoja mbaya: anaona aibu kuuliza.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya jambo ambalo hakuna mwingine angelifanya ila mtengeneza keki wa Dar. Kwa jiji hili, kitu chochote laini kinasafiri na barafu. Samaki wa soko la Feri, juisi, krimu, vyote. Keki zangu nazipeleka kwenye deli, yale masanduku ya kuhifadhia barafu wanayotembeza wauza ice cream. Mimi nalipanga deli langu vizuri kuliko mtu yeyote Kariakoo. Basi asubuhi ile Godi aliponikabidhi kikopo, amegeuza uso kwa aibu, mimi nilikuwa tayari. Barafu chini, kitambaa safi, kikopo katikati, barafu pembeni, barafu juu. Nikaenda nacho kwenye bajaji nimekipakata. "Kaka, matuta taratibu," namwambia dereva, "nimebeba keki ya harusi."

Nilijivunia! Nilikifuta umande kikopo kabla ya kukipitisha dirishani, kikachanganywa na vingine kwenye trei.

Majibu yalisema hakuna hata moja inayotembea.

Hata moja. Godi aliikunja ile karatasi, akasema asante, akarudi dukani akauza mabeseni. Jioni nilimkuta juu nyuma ya tangi, anawasha sigara kwa sigara. Kwa kawaida alikuwa ananisogezea ndoo iliyopinduliwa ili nikae. Siku hiyo hakuisogeza.

"Jesca, wewe bado kijana," akasema, anatazama barabara. "Mrija mmoja unao. Tafuta mtu ambaye ni mtu."

"Usiongee upuuzi."

"Si upuuzi. Nimesoma karatasi."

Zile ndizo siku mbaya kuliko za mshono. Mshono unauma mahali pamoja. Alianza kula dukani. Alianza kunijibu kwa heshima, "asante", "samahani", kama mimi ni mteja. Nikajua kwamba hata kama sitapata mtoto nitaishi, lakini huyu wa kusema "usinisemee kwa Mama" akiondoka, sijui.

Dokta aliagiza kipimo kirudiwe. Tulikwenda wote wawili, tumekaa benchi moja katikati yetu pameachwa nafasi ya mtu. Kijana wa maabara akatutolea kikopo kipya, akauliza kwa kawaida tu, "Ile ya kwanza mlikuja nayo imekaa wapi? Mfukoni?"

"Kwenye deli," nikasema.

"Deli gani?"

"La keki. Nilijaza barafu vizuri kabisa. Ilifika ya baridi."

Kijana aliniangalia. Akamwangalia Godi. Akafunga mdomo kwa nguvu kama mtu anayezuia kupiga chafya.

"Dada yangu," akasema taratibu, "hivi vitu vinatakiwa joto la mwili. Kwenye barafu vyote vinalala. Hata vya bingwa."

Kwanza sikuelewa. Halafu nikaelewa, uso wangu ukawaka kama oveni. Nikamgeukia Godi, tayari kupiga magoti. Godi alikuwa ameshika kichwa. Mabega yanatikisika. Nikadhani analia.

"Jesca!" akapasuka. "Umewagandisha wanangu!"

Chumba kizima kiligeuka. Alicheka mpaka akashuka kwenye benchi, mimi nikamfuata, mama mmoja mwenye kanga akaanza kucheka bila kujua sababu, na yule kijana akakimbilia ndani. Wale wanawake wa bahasha za kaki, ambao hawakuwahi kutazamana, wakawa wanaulizana, "Nini? Kagandisha nini?" Ile nafasi ya mtu katikati yetu ikafungika pale pale.

Kikopo cha pili nilikisafirisha kwenye sidiria, nimevaa sweta, Dar es Salaam, saa nne asubuhi. Dereva wa bajaji aliniuliza kama nina malaria.

Zilikuwa hai! Lakini chache, na zinajikokota, na nyingi hazikuwa na umbo lake. Dokta alituita wote. "Mzee," akamwambia Godi, ambaye ana miaka thelathini na kitu, "sigara haiwezi kubeba lawama yote peke yake. Ila ndiyo kitu tunachoweza kukiondoa leo bila kisu. Mbegu mpya zinachukua kama miezi mitatu kutengenezwa. Ukiacha, kiwanda kinaanza upya." Godi akakaa wima kama amepewa cheo. Halafu Dokta akanigeukia. "Wewe Jesca, mayai hayatengenezwi upya. Uliyonayo ndiyo hayo. Tutayatunza."

Nililia kwenye ngazi za kliniki. Yeye anapata kiwanda kipya, mimi napata mabaki. Godi alikaa ngazi ya chini yangu, hakusema neno la kunifariji, na nashukuru. Alitoa paketi mfukoni, akaivunja vipande vipande kwenye kiganja, tumbaku ikaruka na upepo. Nikatoa yangu.

Tuliacha siku moja, wote wawili, kwa kishindo, na kesho yake tulitaka kuuana. Tuligombana kwa sababu ya kijiko. Si kijiko cha maana, kijiko cha chai. Mikono yangu ilitetemeka nikaharibu maua ya krimu ya keki ya kipaimara, nikaitupa yote, nikamfokea mteja aliyekuja kuichukua. Kifua, badala ya kupona, kikazidi kukohoa, kikatoa vitu ambavyo sitavieleza. Nilinenepa, sketi zikagoma. Godi alivuta moja dukani, akaja kuniambia kabla sijamnusa, amesimama mlangoni kama mtoto aliyevunja sahani. Nilitaka kumrushia kitu. Nikamwambia, "Haya, ingia. Kesho tena."

Lakini kilichoniogopesha zaidi ni paa. Jioni ikifika miguu ilikuwa inataka kupanda, na nilijiuliza, tukifika juu tutafanya nini? Tutaongea nini? Siku ya kwanza tulikaa kila mmoja na ndoo yake, mikono magotini, kama wageni kwenye msiba. Siku ya pili Godi akaja na miwa. Huko Kariakoo miwa inauzwa kwenye mikokoteni, imemenywa, imekatwa vipande vidogo, imefungwa kwenye nailoni. Akanipa kipande. Nikatafuna, nikatema. Nikachukua kingine. Jamani, mkono una kazi! Mdomo una kazi! Na unatema, na kutema kunaondoa hasira kuliko kupuliza moshi. Tukatafuna mfuko mzima hatujaongea, halafu Godi akasema, "Unajua siku ile ya masika nilikubeba, nilikuwa nahesabu ngazi kwa sauti. Sijui kwa nini. Nilifikiri nikikosea utakufa." Hakuwahi kuniambia hilo. Tulikuwa tumevuta sigara nyingi tangu siku hiyo na hakuwahi kuniambia.

Jirani yetu wa chini, Bi Zuwena, mama wa Kiarabu anayefukiza udi mpaka ngazi nzima inanukia, alipanda asubuhi moja kuanika nguo, akaniita kwa sauti ya kusikika barabarani.

"We Jesca! Haya makapi ni ya nani?"

"Shikamoo Bibi. Ni yetu. Nitafagia."

"Marahaba. Miaka yote naanua mashuka yananuka sigara nanyamaza, nasema vijana hao. Leo nakanyaga miwa, nusura nianguke."

"Ulikuwa unajua, Bibi?"

"Pua ninayo, mwanangu." Akashika kiuno, akanitazama tumbo, akashusha sauti. "Tafuneni. Afadhali makapi. Ila fagieni."

Kisha ikaja ladha. Hakuna aliyenionya, kwa hiyo mimi nakuambia ujiandae kufurahi. Asubuhi moja nilionja krimu yangu, ile ile ninayopika tangu nianze, nikashtuka nikaitema. Vanila ilikuwa kama sabuni! Sukari inakwaruza koo! Nikapika keki nyingine, nikapunguza, nikaonja, nikapunguza tena. Nikatoka kwenda sokoni kununua iliki nikasimama katikati ya njia kama mwehu: binzari, dagaa wakavu, ngozi za viatu vipya, embe zilizoiva kupita kiasi, kila kitu kikaja kwangu kwa wakati mmoja. Wapagazi wananipigia kelele, "Dada, njia!" na mimi nimefumba macho nanusa. Mteja wangu mmoja wa muda mrefu aliniambia, "Dada Jesca, umebadilisha nini? Siku hizi watoto wanamaliza."

"Kwa nini hukuniambia zamani?"

"Ulikuwa mkali, dada."

Desemba ikaja. Mwenye mume Mchaga anajua maana yake. Mji unahama, Kariakoo inafunga nusu ya maduka, kila mtu anapanda kwao. Na ukifika, kabla ya mizigo kushushwa, macho yanashuka tumboni. Krismasi mbuzi alichinjwa nyumbani kwa mama mkwe, wanaume wakakaa kugawa nyama. Huko nyama haigawiwi hovyo. Kila mtu ana sehemu yake kulingana na nafasi yake kwenye ukoo. Baba mdogo wa Godi ndiye aliyekuwa ameshika kisu, sigara mdomoni, mcheshi wa familia. Nilipofika na sahani akaisimamisha nyama hewani.

"Huyu mke wa Godlisten keki zake zote zinaumuka," akasema. "Tumbo tu ndilo haliumuki?"

Wakacheka. Mimi pia nikacheka, ndivyo inavyotakiwa.

Godi akainuka. Hatukuwa tumepanga. Alikuwa bado hajapima upya, hakuwa na majibu ya kujitetea nayo.

"Baba mdogo, kipimo changu mimi ndicho kilichokuwa kibaya," akasema. "Mbegu zangu zilikuwa zimechoka. Sigara. Wote wawili tulikuwa tunavuta, na wote wawili tumeacha. Jesca alipasuliwa, karibu afe. Sasa mpe nyama."

Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jiko, kitambaa mkononi. Siri ya miaka yote, usinisemee kwa Mama, na mwenyewe ndiye aliyeisema. Mama alikuja, akachukua kisu mkononi mwa shemeji yake, akanikatia nyama yeye mwenyewe, pande kubwa ambalo sahani ilishindwa kulibeba.

Mchana, nimekwenda nyuma ya migomba kuosha mikono, nikamwona baba mdogo amemvuta Godi pembeni. Ucheshi wote umemwisha. "Hiyo kliniki," anamwambia, "kijana wangu wa pili ameoa mwaka wa nne sasa. Na anavuta kama mimi. Nielekeze ilipo."

Kiangazi, jua la Januari linachemsha hata maji ya bomba, Godi alipimwa tena. Zinatembea! Dokta alitumia neno "zinaridhisha", Godi akalichukua akalizungusha Kariakoo nzima bila kumwambia mtu linahusu nini. "Mangi, biashara vipi?" "Inaridhisha, inaridhisha sana."

Masika yaliporudi nilipitisha siku zangu tena. Safari hii sikuoka keki. Nilimwambia Godi pale pale, mswaki mdomoni, na wote wawili hatukufurahi. Tuliogopa. Furaha tuliiweka kando kama nguo ya sikukuu ambayo hujui kama utaivaa. Swali letu halikuwa kama nina mimba. Lilikuwa: imekaa wapi? Nililala nimeshika ubavu nikisikiliza bega. Kila gesi ilikuwa msiba.

Siku ya ultrasaundi mvua ilinyesha kama ile ya mwaka jana. Benchi lile lile, feni ile ile. Dada mmoja mgeni alikaa karibu yangu, nikasikia mnanaa, na chini ya mnanaa nikasikia sigara, pua yangu mpya haikosi kitu. Nilitaka kumwambia neno nikaitwa.

Jeli ya baridi. Mtaalamu anasukuma kile kifaa, anatazama skrini, hasemi. Godi ananibana mkono mpaka pete inaniumiza. Hasemi. Anarudi nyuma, anabofya. Nikaanza kupanga namna ya kulia bila kumtia Godi hofu.

"Hii hapa," akasema, akaigeuza skrini. "Imekaa mahali pake. Ndani kabisa ya kizazi. Na huyo ni moyo."

Ni kitu kidogo kuliko punje ya maharage kinachometameta, basi. Godi alisema "Mungu wangu" mara nyingi, halafu akamuuliza mtaalamu kama kimepata baridi. Nilitoka pale naelea. Nikamkuta yule dada wa mnanaa bado anasubiri, nikakaa karibu yake nikamwambia kila kitu, kuanzia deli. Alicheka mpaka akaficha uso. Yeye ndiye aliyeniambia niandike.

Sasa miezi inakaribia kutimia. Ngazi za paa siziwezi tena, kwa hiyo Godi anashusha miwa chini, tunatafunia dirishani, makapi kwenye ndoo. Hamu ya sigara? Bado inakuja, hasa keki ikiwa kwenye oveni. Inakaa kidogo, inaondoka. Naogopa bado. Naogopa kujifungua, naogopa kila siku asipocheza mchana. Sijageuka mtu mwingine. Nimekuwa mtu yule yule anayeuliza maswali dirishani bila aibu.

Mwaka huu hatuendi Machame. Machame imekuja kwetu. Mama mkwe alishuka kwenye basi jana na ndizi za kutosha ukoo mzima, akapita sebuleni bila kukaa, akaingia jikoni. Nikamfuata nikiyumba. Akaishika ile chupa ya chai, ile ile, akaitazama ndani.

"Ule wa kwanza uliumwaga," akasema.

Nikabaki nimeshika mlango. "Mama..."

"Chupa ilikuwa safi mno. Mgonjwa haoshi chupa namna ile." Akaanza kumenya. "Sikukasirika. Ulifikiri nimekosea, nimeleta chakula cha mzazi kwa mtu asiye mzazi. Sikukosea, mwanangu. Ulibeba, ukaumia, ukapoteza damu. Ulikuwa mzazi. Kwamba hakukaa ni jambo jingine."

Nililia nimejiegemeza kwenye friji, na yeye akaendelea kumenya, akaniacha nilie mpaka nikamaliza. Desturi ni kungoja mtoto azaliwe kwanza. Mama hakungoja. Ulipoiva akapakua bakuli mbili, akaweka moja mbele yangu na nyingine pembeni yake.

"Hii ni ya huyu," akasema, akanigusa tumbo. "Hii ni ya yule. Zote utakula wewe."

Nimekula zote mbili. Haukubaki hata wa kulamba.